Uvimbe Unaokula Sukari: Historia ya Tiba ya Osteosakoma

Machi 1932, katika makorongo ya Kanam, kusini mwa Ghuba ya Winam upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, mchimbaji wa kundi la Louis Leakey aitwaye Juma Gitau alifukua kipande cha taya la chini la mtu wa kale. Kidevuni palikuwa na nundu ya mfupa isiyo ya kawaida. Mtaalamu wa London aliyelichunguza taya hilo alisema nundu ile ni sakoma ya mfupa. Wengine wakasema ni mfupa uliovunjika ukaunga vibaya, na hata umri wa taya lenyewe ukazua ubishi ambao haujaisha. Miaka 84 baadaye, mwaka 2016, watafiti huko Afrika Kusini walipiga picha za ndani za kipande cha mfupa wa mguu kutoka pango la Swartkrans, chenye umri wa kati ya miaka milioni 1.6 na 1.8. Safari hii mpangilio wa mfupa ulifanana na ule ambao madaktari huuona hospitalini: osteosakoma.

Ugonjwa huu, basi, umetembea na jamii ya binadamu tangu kabla hatujawa watu kamili. Tiba yake ni ya juzi. Na katika miaka hii, ambapo maabara nyingi zinatengeneza chembe ndogo mno za kuunyima uvimbe sukari na pumzi, inafaa kufuatilia wazo hilo lilitoka wapi, maana lina umri wa miaka mia na lilipita mikono mingi kabla ya kufika kwenye mfupa.

Msumeno peke yake

Osteosakoma huanzia katika seli zinazojenga mfupa. Huwapata zaidi vijana wanaobalehe, wakati mifupa inarefuka kwa kasi, na mara nyingi hukaa jirani na goti: mwisho wa chini wa mfupa wa paja au sehemu ya juu ya muundi. Kwa mwaka huwapata watu watatu hadi watano tu katika kila milioni. Uchache huo umeathiri historia yake yote, kwa sababu ugonjwa wa wachache hauvutii fedha haraka, na kila jaribio la dawa husubiri miaka kabla ya kupata wagonjwa wa kutosha.

Karne ya 19 ilikuwa na tiba moja: kukata. Usingizi wa etha, ulioonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, ulimwezesha daktari kukata juu zaidi bila pupa. Mwaka 1879 Samuel W. Gross wa Philadelphia alichapisha uchambuzi wa sakoma 165 za mifupa mirefu, akahimiza mguu ukatwe mapema. Mguu ulikatwa, kidonda kikapona, kijana akarudi nyumbani kwa magongo. Miezi ikapita, akaanza kukohoa. Seli za uvimbe zilikuwa zimeshasafiri na damu hadi mapafuni kabla daktari hajaushika msumeno, zikiwa chache na ndogo kiasi kwamba hakuna jicho wala picha iliyoweza kuziona. Hata kufikia katikati ya karne ya 20, kati ya waliokatwa bila kupewa dawa nyingine, zaidi ya wanne katika kila watano walifariki.

Huo ndio msingi wa yote yanayofuata. Uvimbe wa mguuni huonekana, na kisu kinaufikia. Kinachoua ni mbegu zilizotangulia mapafuni, na kuzifikia kunahitaji dawa inayosafiri kama zilivyosafiri zenyewe.

New York, 1890: homa yenye faida

Mwaka 1890 daktari kijana wa upasuaji, William Coley, alimpokea New York msichana wa miaka 17, Elizabeth Dashiell, aliyekuwa na maumivu mkononi. Ilikuwa sakoma. Coley alimkata mkono, lakini msichana akafariki Januari 1891, saratani ikiwa imeenea mwilini. Dashiell alikuwa rafiki wa karibu wa John D. Rockefeller Mdogo, na kifo chake kilibaki katika mioyo ya wanaume wale wawili: Coley alikichukulia kama deni la utafiti, na familia ya Rockefeller baadaye ikatoa fedha nyingi kwa mapambano dhidi ya saratani.

Coley alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali. Humo alikuta habari za mhamiaji Mjerumani aitwaye Stein, aliyekuwa na sakoma ya shingo isiyotibika. Stein alishikwa na erisipela, maambukizi makali ya ngozi yanayoletwa na bakteria, akaungua homa, na uvimbe ukayeyuka. Coley alimtafuta katika mitaa ya mafukara ya New York mpaka akampata, mzima, miaka kadhaa baada ya kutoka hospitalini. Kuanzia 1891 akaanza kuwadunga wagonjwa wa sakoma bakteria hai, kisha mchanganyiko wa bakteria waliouawa kwa joto. Wachache walipona. Wengi hawakupona, na hakuna aliyeweza kutabiri nani ataangukia upande upi. Wenzake, akiwemo James Ewing, mtaalamu mkubwa wa saratani wa zama zile, waliiweka imani yao kwenye mionzi. Coley alifariki 1936, na chanjo zake zikasahaulika polepole.

Msomaji aliweke hili pembeni, maana lile wazo la ganda la bakteria kuamsha kinga ya mwili litarudi mwishoni mwa karne ya 20 likiwa limevikwa mafuta.

Berlin, 1924: uvimbe unaochachusha

Wakati Coley bado yu hai, katika kitongoji cha Dahlem, Berlin, Otto Warburg alikuwa akikata vipande vyembamba vya uvimbe wa panya na kuvitia katika chupa zilizounganishwa na vipima-shinikizo. Alitaka kujua seli ya saratani inapumua vipi. Seli ya kawaida yenye oksijeni ya kutosha huichoma sukari hadi mwisho ndani ya mitokondria na kupata nguvu nyingi. Oksijeni ikikosekana, kama katika misuli ya mkimbiaji, huivunja sukari nusu njia na kuacha asidi laktiki. Warburg aliona kwamba uvimbe ulikuwa ukitoa asidi laktiki kwa wingi hata oksijeni ikiwa tele.

Mwaka 1925 Carl na Gerty Cori, mume na mke waliokuwa Marekani, walikwenda mbele kidogo. Walichukua kuku wenye sakoma kwenye bawa moja, wakapima damu inayotoka katika mabawa yote mawili. Damu iliyotoka upande wenye uvimbe ilikuwa na sukari pungufu na asidi laktiki zaidi. Kilichoonekana kwenye chupa za Berlin kilikuwa kikitokea ndani ya mnyama hai, na ndani ya sakoma hasa.

Warburg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kazi yake juu ya vimeng'enya vya kupumua. Hadi alipofariki 1970 alishikilia kwamba mitokondria zilizoharibika ndizo chanzo cha saratani. Hapo alikosea: uvimbe mwingi una mitokondria zinazofanya kazi vizuri. Leo tunaelewa kwamba seli inayogawanyika kwa pupa haitafuti nguvu tu. Inatafuta pia malighafi ya kujengea seli nyingine, na sukari iliyovunjwa nusu njia huipa vipande inavyovihitaji. Lakini alichokipima kilikuwa kweli, na kilisubiri. Baada ya vita, sayansi ya saratani iligeukia vinasaba, na umetaboli, yaani namna seli inavyotumia chakula chake, ukaonekana somo la wazee. Ulirudi hospitalini kwa mlango wa nyuma: mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, watu walidungwa kwa mara ya kwanza sukari yenye alama ya mnururisho ambayo kamera huiona inapojikusanya. Kipimo hicho, PET, sasa huonyesha uvimbe uking'aa kwa sababu ileile ya Warburg. Unakula sukari kuliko jirani zake.

Turudi miaka ya Warburg na chupa zake: upande wa pili wa Atlantiki, mfupa ulikuwa ukitoa somo jingine, la uchungu. Katika viwanda vya saa vya New Jersey, wasichana waliopaka namba zing'aazo walinyoosha ncha za brashi kwa midomo na kumeza radiamu kidogo kidogo. Mwaka 1925 mchunguzi wa vifo Harrison Martland alieleza yaliyowapata. Kikemia radiamu inafanana na kalisi, kwa hiyo mwili uliihifadhi mifupani, ikakaa humo ikiunguza. Baadhi yao walipata sakoma ya mfupa. Wanawake wale walilipia kwa maisha yao elimu ambayo wataalamu wa dawa wangeitumia baadaye: kuna vitu ambavyo mwili wenyewe huvipeleka kwenye mfupa.

1947 hadi 1986: sumu na makombozi yake

Tiba ya kwanza iliyoigusa osteosakoma ilikuwa tiba ya umetaboli, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Mwaka 1947 huko Boston, Sidney Farber alianza kuwapa watoto wenye leukemia kemikali zinazozuia folati, vitamini ambayo seli haiwezi kujenga DNA bila hiyo. Zilitengenezwa na kikosi cha Yellapragada Subbarow, mwanakemia aliyetoka India. Kutokana na kemikali hizo ikaja methotreksati.

Kwa kipimo cha kawaida, methotreksati haikuifanya osteosakoma kitu. Daktari Isaac Djerassi akaja na jambo lililoonekana kama wazimu: mpe mgonjwa kipimo cha kuua, kisha baada ya saa kadhaa mpe lukovorini, aina ya folati inayookoa seli za kawaida. Norman Jaffe, daktari wa watoto aliyezaliwa na kusomea Afrika Kusini kisha akahamia Boston, aliijaribu njia hiyo kwa vijana waliokwisha kukatwa miguu. Kipimo kilichozoeleka baadaye ni gramu 12 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, wakati mtoto wa leukemia hupewa takriban miligramu 20 kwa eneo hilohilo kwa wiki. Ni mara 600. Figo zikishindwa kuitoa, au makombozi yakichelewa, dawa yenyewe humuua mgonjwa.

Novemba 1973 mtoto wa seneta wa Marekani, Edward Kennedy Mdogo, mwenye miaka 12, alikatwa mguu wa kulia kwa saratani ya mfupa, na akapewa methotreksati kwa takriban miaka miwili. Aliishi, akakua, akawa wakili na mwanasiasa. Mwaka 1974 matokeo ya Jaffe yalichapishwa sambamba na ya kundi jingine lililotumia doksorubisini, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo. Nayo ilikuwa na gharama yake: ikizidi kiwango fulani kwa jumla ya maisha ya mtu, huuharibu moyo.

Hawakuokoka wote. Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu mwaka 1977 akiwa na miaka 18, akapewa tibakemikali, kisha tarehe 12 Aprili 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu mmoja na wa bandia. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373. Karibu na Thunder Bay kifua kilimbana. Saratani ilikuwa mapafuni. Alifariki Juni 1981, hajafikisha miaka 23. Mbio hizo ziliamsha michango ya utafiti ambayo bado inaendelea.

Huko New York, Gerald Rosen na wenzake walikuwa na tatizo la kiwandani: kiungo cha chuma cha kuchukua nafasi ya goti kilichukua wiki nyingi kutengenezwa. Badala ya kumwacha mgonjwa asubiri bure, wakampa dawa kabla ya upasuaji. Faida ilizidi matarajio. Uvimbe ulipoondolewa, mtaalamu wa patholojia aliweza kuhesabu ni sehemu gani imekufa, na ikifika asilimia 90 matumaini hupanda. Miguu mingi ikaanza kubaki kwa wenyewe.

Hata hivyo, baadhi ya madaktari, hasa baada ya jaribio la Mayo Clinic kutoonyesha tofauti, walisema huenda ugonjwa wenyewe umepungua ukali. Ikabidi kuamua kwa kura: nusu wapewe dawa baada ya upasuaji, nusu waangaliwe tu. Wagonjwa 36 pekee ndio waliokubali kupangwa hivyo. Matokeo yaliyochapishwa 1986 hayakuacha nafasi ya ubishi: baada ya miaka miwili, asilimia 66 ya waliopewa dawa hawakuwa na dalili ya kurudiwa na ugonjwa, dhidi ya asilimia 17 ya waliosubiri. Nikisoma takwimu hizi nawafikiria wale wa kundi la pili na wazazi wao, waliokubali kusubiri ili wengine wajue.

Miaka ya kusimama

Kisha maendeleo yakasimama. Methotreksati, doksorubisini na dawa ya tatu, sisplatini, ziliwafikisha wagonjwa ambao saratani yao haijaonekana kusambaa kwenye uponaji wa karibu wawili katika watatu, na hapo ndipo tulipo mpaka leo. Ambao mapafu yameshaguswa siku ya kwanza, wanaopona hawafiki theluthi.

Jaribio kubwa kuliko yote, EURAMOS-1, liliandikisha wagonjwa 2,260 kutoka nchi 17 kati ya 2005 na 2011. Wale ambao uvimbe wao haukufa vya kutosha waliongezewa dawa mbili zaidi. Walipata madhara zaidi, na hawakuishi zaidi. Ufaransa ilijaribu zoledronati, dawa ya familia ya bisfosfonati, ambazo hushikamana na madini ya mfupa na ndani ya seli huzuia njia ya kutengeneza mafuta ambayo protini muhimu huyahitaji. Kwenye karatasi ilikuwa dawa kamili, inayokwenda mfupani na kugusa umetaboli. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa kukosa faida.

Vinasaba navyo havikutoa shabaha. Saratani nyingine zina kasoro moja inayojirudia, ambayo dawa inaweza kuilenga. Kromosomu za osteosakoma hukutwa zimevunjika na kuungwa ovyo, kila mgonjwa kwa namna yake. Hii ndiyo sababu nzito iliyowarudisha watafiti kwa Warburg. Vurugu za vinasaba ni tofauti kwa kila uvimbe, lakini zote huishia kwenye mahitaji yanayofanana: sukari, amino asidi, chuma, na njia ya kujilinda na uchafu wa kuishi kwa kasi. Hata kipimo cha damu cha zamani, kimeng'enya LDH kinachohusika na asidi laktiki, kikiwa juu siku ya kwanza huashiria safari ngumu.

Ugumu ni kwamba ubongo pia unakula sukari. Moyo, misuli, na seli za kinga zinazopigana na uvimbe zinakula chakula kilekile. Djerassi alilitatua tatizo hilo kwa saa: sumu kwanza, makombozi baadaye. Kizazi kilichofuata kilitaka kulitatua kwa mahali: sumu iende kwenye uvimbe, isiende kwingine.

Vifuko vya mafuta, 1961 hadi 2009

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika taasisi ya Babraham karibu na Cambridge, Alec Bangham alitia mafuta ya utando wa seli ndani ya maji na kuyatazama kwa hadubini ya elektroni. Mafuta yalijikunja yenyewe yakawa vifuko vidogo vyenye maji ndani. Hizo ni liposomu. Nyingi zinazotumika katika dawa zina upana wa nanomita mia moja hivi, na unywele wa mtu una upana wa nanomita 80,000 au zaidi.

Mwaka 1986, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Kumamoto, Japani, waliandika kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, hivyo vitu vya ukubwa huo hupenya na kubaki humo. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, doksorubisini ndani ya liposomu, iliyotokana na kazi ya Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon wa Jerusalem. Ilianza kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye sakoma ya Kaposi, na iliupunguzia moyo madhara.

Osteosakoma ilipata liposomu ya kwake kwa njia ambayo Coley angeitambua. Muramili tripeptidi ni kemikali iliyobuniwa kwa kuiga kipande cha ganda la bakteria. Ikiwekwa ndani ya liposomu na kudungwa mshipani, humezwa na makrofeji, seli za kinga zinazokula takataka, na nyingi kati ya hizo ziko mapafuni, mahali ambapo mbegu za saratani hujificha. Isaiah Fidler na Eugenie Kleinerman waliifanyia kazi Houston. Gregory MacEwen, daktari wa mifugo wa Wisconsin, aliijaribu kwa mbwa wakubwa wenye osteosakoma ya asili, ugonjwa unaofanana mno na wa watoto. Mbwa waliokatwa mguu bila dawa hiyo waliishi wastani wa siku 77. Waliopewa, siku 222.

Jaribio la watoto na vijana liliandikisha wagonjwa 662 kati ya 1993 na 1997. Waliopewa dawa hiyo, mifamurtidi, walikuwa hai baada ya miaka sita kwa asilimia 78, dhidi ya 70 ya wenzao. Mpangilio wa jaribio ulichanganya dawa nyingine pia, na wataalamu wakagawanyika juu ya tafsiri. Marekani iliikataa mwaka 2007. Ulaya iliiidhinisha Machi 2009. Data zilikuwa zilezile, uamuzi ukawa tofauti. Kwa maoni yangu Ulaya ilifanya sahihi: kwa ugonjwa wenye wagonjwa wachache hivi, kusubiri jaribio la pili la ukubwa ule ni kusubiri kizazi kingine.

Tangu 2012: chuma, sukari na asidi

Mwaka 2007 kikosi cha Yan Xiyun huko China kilionyesha kwamba chembe nano za oksidi ya chuma hufanya kazi kama kimeng'enya. Mwaka 2012 Scott Dixon na Brent Stockwell wa New York walieleza aina ya kifo cha seli waliyoiita feroptosisi: chuma huchochea mafuta ya utando kuoza kwa oksijeni, na seli iliyokosa glutathioni ya kujilinda hupasuka. Sasa zana zilikuwa mezani.

Mfano mzuri ni kazi iliyochapishwa 2017 na kikosi cha Shi Jianlin, Shanghai. Walichukua chembe za silika zenye matundu, wakazijaza vitu viwili: glukosi oksidesi, kimeng'enya kinachokula sukari, na oksidi ya chuma. Ndani ya uvimbe kimeng'enya huigeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki na hidrojeni peroksaidi. Uvimbe unapoteza chakula, na mahali pale panazidi kuwa na asidi. Katika asidi hiyo chuma huigeuza peroksaidi kuwa radikali huru kali zinazochanachana seli, kwa mmenyuko ambao Mwingereza Henry Fenton aliueleza tangu 1894. Asidi laktiki ya Warburg, iliyokuwa ngao ya uvimbe, inageuzwa kuwa swichi ya kuwashia silaha.

Kwa osteosakoma, maabara nyingi, hasa za China, zimeongeza hatua ya mfupa. Juu ya chembe hubandikwa alendronati, bisfosfonati inayong'ang'ania madini ya mfupa, na hivyo tabia iliyowaua wasichana wa radiamu inatumiwa kubeba dawa. Chembe nyingine huzuia uvimbe kupata glutamini, au huinyima seli sistini ya kutengenezea glutathioni. Mwaka 2019 kikosi cha Sichuan kilieleza jinsi chembe nano za haidroksiapatiti, madini yaleyale ya mfupa, zilivyovuruga mitokondria za uvimbe katika sungura na wakati huohuo kusaidia pengo la mfupa kujijenga. Mimi naiona hiyo kuwa njia yenye busara, kwa kuwa mtoto aliyeondolewa uvimbe bado anahitaji mguu wa kusimamia.

Lakini mwaka 2016 kikosi cha Warren Chan wa Toronto kilikusanya tafiti za miaka kumi na kukuta kwamba, kwa thamani ya kati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo hufika kwenye uvimbe. Nyingi huishia kwenye ini na wengu. Baadaye kikosi hichohicho kikaonyesha kwamba mianya ya mishipa aliyoitegemea Maeda ni michache, na chembe nyingi hupitishwa na seli za mishipa zenyewe. Uvimbe uliopandikizwa kwa panya hukua kwa wiki chache na kutoa mishipa dhaifu. Wa kijana wa miaka 14 umejengwa kwa miezi, ndani ya mfupa mgumu. Zaidi ya hayo, panya wengi wa majaribio hupandikizwa uvimbe mmoja unaoonekana, ilhali kinachoua watu, kama tulivyokwisha kuona, ni mbegu za mapafuni.

Hivyo ningependa kila chembe inayosifiwa ipelekwe kwanza kwa mbwa wagonjwa, kama alivyofanya MacEwen, kabla ya kuitwa tumaini. Na bei iangaliwe mapema. Methotreksati ya kipimo kikubwa ina miaka hamsini, lakini hospitali nyingi za Afrika haziitumii kwa sababu hazina kipimo cha haraka cha kujua kiasi kilichobaki katika damu. Madaktari hubaki na sisplatini na doksorubisini.

Hadi sasa mifamurtidi ndiyo dawa pekee ya liposomu iliyoidhinishwa mahsusi kwa osteosakoma, na hakuna chembe nano ya kulenga umetaboli iliyofika hatua hiyo. Kinachookoa maisha leo ni kuugundua ugonjwa kabla haujaonekana mapafuni. Kijana anayelalamikia maumivu ya goti, paja au bega yanayomwamsha usiku, yasiyoisha kwa wiki kadhaa, au yenye uvimbe unaokua, hata kama alianguka mpirani, asiishie kwa mchua viungo. Apelekwe hospitali akapigwe picha ya eksirei.